Mkutano umenyoosha mikono vepu zipigwe marufuku: je, hayo ndiyo maoni ya wananchi?

*"Mwangaluka daktari. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Manispaa ya Tabora, na nalima tumbaku kidogo huko Uyui. Hivi karibuni mwalimu wa nidhamu wa sekondari yetu ya kata alinionyesha vepu, yaani sigara za kielektroniki, alizowanyang'anya wanafunzi. Moja ilikuwa ya kijana wangu wa kidato cha tatu. Nikaitisha mkutano wa mtaa. Nilipouliza kama vifaa hivi vipigwe marufuku, karibu wote walinyoosha mikono. Lakini mkutano ulipoisha watu walinifuata pembeni mmoja mmoja. Mdogo wangu anasema vepu ndiyo iliyomwachisha sigara. Wakulima wenzangu wana hofu kwamba leo ni vepu, kesho ni tumbaku yenyewe. Vijana wanasema ni mvuke wa maji tu wenye fleva. Sasa natakiwa kupeleka maoni ya wananchi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Niandike kwamba wananchi wanataka marufuku? Na ukweli wa kitaalamu ni upi?"*

Mwangaluka, mwenyekiti. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua si vepu peke yake. Unaogopa kuandika kwenye muhtasari neno ambalo watu walilisema kwa mikono hadharani, kisha wakalikana kwa midomo pembeni. Hofu hiyo ni ya haki. Usiandike "wananchi wanataka marufuku" ukaishia hapo, kwa sababu mikono ile ilijibu swali moja lililobeba maswali manne au matano ndani yake, na kila aliyenyoosha alikuwa anajibu lile lililomgusa yeye.

Niruhusu nianze na vijana na mvuke wao wa maji, maana maoni yoyote yaliyojengwa juu ya hilo hayatasimama. Ndani ya vepu mna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika. Kimiminika hicho ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, pamoja na fleva na mara nyingi nikotini. Mtu akivuta, waya unapata moto, kimiminika kinageuka ukungu wa matone madogo mno, na ukungu huo ndio unaoshuka mapafuni. Maji karibu hayamo kabisa. Zimo fleva ambazo usalama wake ulipimwa kwa ajili ya kuliwa kwenye pipi na biskuti, si kuvutwa. Zimo chembe za metali kama nikeli na risasi zinazotoka kwenye waya na viungo vyake. Na waya ukizidi moto, hutokea fomaldehaidi, kemikali ileile inayotumika kuhifadhia maiti.

Nikotini yenyewe wewe unaijua kuliko wengi wanaoniandikia, hata kama shambani hamuiiti hivyo. Mmea wa tumbaku huitengeneza kwenye mizizi na kuipandisha kwenye majani, na mnapokata vichwa vya maua, majani yanakuwa makali zaidi kwa sababu nikotini inaongezeka. Yule kibarua aliyevuna asubuhi majani yakiwa na umande, kisha jioni akashikwa na kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika na jasho la baridi, nikotini imeyeyuka kwenye ule umande na kupenya ngozi yake. Mara nyingi husingiziwa malaria. (Apime malaria hata hivyo, hapa kwetu hakuna kutapika kwa kupuuza.)

Kupitia ngozi, nikotini huingia polepole. Kupitia mapafu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo ndiyo inayomfunga mtu. Ubongo ukistareheshwa haraka kiasi hicho, hujifunza haraka kudai tena. Ubongo wa kijana, ambao haumalizi kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, hujifunza somo hilo upesi zaidi na kulisahau kwa shida zaidi.

Zamani kulikuwa na kizuizi cha asili: nikotini nyingi hukwaruza koo, mtoto anakohoa, anatupa. Kampuni ya Juul, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2015, ilichanganya nikotini na asidi ya benzoiki. Mkwaruzo ukapungua, nguvu ikapanda, na wengine wakaiga. Kufikia mwaka 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu nchini Marekani walisema wamevuta vepu ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 7.8, baada ya umri wa kuuziwa kupandishwa hadi miaka 21, baadhi ya fleva kuzuiwa na wazazi kuamka. Nakutajia namba hizo mbili pamoja ili usije ukamwambia mtu kwamba mambo haya hayazuiliki.

Mwombe mwalimu ile vepu ya kijana wako, usome ilivyoandikwa. Ukikuta "5%", maana yake ni takribani miligramu 50 za nikotini katika kila mililita moja. Kama kifaa kina mililita 10, hapo pana miligramu 500. Sigara moja humwingizia mvutaji miligramu moja hadi mbili hivi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita na tangi lisilozidi mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kifaa kizima. Na ukikuta imeandikwa haina nikotini kabisa, usitulie bado: huko Australia vipimo vya maabara vimeshakuta nikotini ndani ya vifaa vilivyoandikwa hivyohivyo.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Hadanganyi, na sipendi kusikia akizomewa mkutanoni. Sehemu kubwa ya sumu ya sigara hutokana na kuungua kwa jani. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati yake zinasababisha saratani. Vepu haichomi jani, kwa hiyo haitoi lami wala ile hewa ya kaboni monoksidi inayopokonya damu oksijeni kwa kiwango cha sigara. Mvuta sigara aliyehamia kwenye vepu moja kwa moja amepunguza madhara, tena si kidogo. Tafiti zilizokusanywa na mtandao wa wataalamu wa Cochrane zinaonyesha kwamba kati ya wavuta sigara 100 wanaotumia vepu yenye nikotini, 8 hadi 10 hufanikiwa kuacha sigara, wakati kwa plasta au bazoka za nikotini hufanikiwa kama 6. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka mmoja, ukilinganisha na asilimia 9.9 ya waliopewa tiba nyingine za nikotini. Lakini katika hao walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu. Wametoka kwenye sigara. Kwenye nikotini hawajatoka.

Kwa hiyo muulize taratibu: sigara ameacha kabisa, au vepu ni ya mbele za watu na sigara ni ya nyuma ya nyumba? Anayechanganya vyote viwili faida yake ni ndogo mno. Utakutana pia na watu wanaokuambia kwamba vepu ina nafuu ya asilimia 95 kuliko sigara. Namba hiyo ilitangazwa na taasisi ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 2015, na msingi wake ulikuwa makadirio ya jopo la wataalamu walioketi wakakubaliana, si kipimo cha maabara. Mimi siitumii. Saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza, na kifaa chenyewe hakijafikisha umri wa kutupa jibu hilo.

Nimesema yote haya kabla ya kugusa maoni ya wananchi kwa sababu maoni hufuata habari ambazo watu wamezisikia. Mwaka 2019 Marekani, watu walianza kulazwa mapafu yakiwa yameharibika vibaya. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Dunia nzima ikasikia kwamba vepu inaua. Uchunguzi ulikuja kuelekeza kidole zaidi kwenye asetati ya vitamini E, iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi vilivyouzwa kichochoroni. Wakati huo maoni yalikuwa yameshahama. Huko Uingereza, wavuta sigara walioamini kwamba vepu ina madhara sawa na sigara au kuizidi walikuwa chini ya nusu mwaka 2014. Katikati ya mwaka 2023 walifika asilimia 57. Wengi wao waliendelea kuvuta sigara, wakiamini kwamba wamekwepa kibaya zaidi.

Mkutano wako nao una kasoro yake, na utanisamehe nikiitaja. Swali liliulizwa na mwenyekiti, ambaye mtaa mzima unajua mtoto wake amekamatwa nayo. Nani angeacha mkono chini? Wanaovuta hawakuja, au walikuja wakakaa nyuma kimya. Vijana hawapingani na wazee hadharani, na akina mama wengi husema yao wakiwa wenyewe. Usione haya, hata serikali zenye fedha nyingi hunaswa. Uingereza ilipokusanya maoni mwishoni mwa mwaka 2023, ilibidi maelfu ya majibu yaliyotumwa na programu za kompyuta yawekwe kando. Yaliyobaki yalikuwa karibu 28,000, na takribani watu saba kati ya kumi waliunga mkono kupiga marufuku vepu za kutumia na kutupa. Marufuku hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2025. Na serikali hiyohiyo mwaka 2023 ilitangaza mpango wa kuwagawia wavuta sigara watu wazima vepu za bure ili waache sigara! Ukiwauliza Waingereza "mnataka au hamtaki?" hutapata jibu la maana. Wamekataa aina moja na kuruhusu nyingine, mtoto wamemwekea sheria yake na mvuta sigara mzima yake.

Nchi nyingine zimechukua njia mbalimbali. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba nchi 34 zimepiga marufuku uuzaji, nchi 88 hazina umri wa chini wa kuuziwa, na nchi 74 hazina kanuni yoyote juu ya vifaa hivi. Jirani zetu Uganda walizipiga marufuku kwa sheria yao ya mwaka 2015, India ikafuata mwaka 2019. Australia iliamua mwaka 2024 kwamba vepu ziuzwe kwenye maduka ya dawa tu. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, ambayo walioiandika walikuwa wanafikiria sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Mwaka huohuo mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ndiyo kwanza alikuwa anasajili kifaa chake. Tuliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na tangu mwaka 2021 jukumu la udhibiti wa bidhaa hizi liko kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Je, marufuku kamili? Wanaoitaka wana hoja nzito kuliko wanavyojua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku nchini ni asilimia 8.7: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Uingereza ina mamilioni ya wavuta sigara wa kuwahamisha. Sisi tuna mamilioni ya vijana ambao hawajaanza chochote. Faida ya vepu huenda kwa mvuta sigara, hasara huenda kwa asiyevuta, na hapa kwetu wasiovuta ndio wengi. Hesabu hiyo inanisogeza upande wa mikono yenu iliyonyooshwa.

Kinachonirudisha nyuma ni utekelezaji. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na wewe unajua ilipo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Vile vipakiti vikaondoka kweli madukani, lakini pombe kali ikahamia kwenye vichupa vidogo. Vepu ni ndogo kuliko kiroba, haina harufu ya kumshtua mwalimu, na huagizwa kwa simu ikaletwa na bodaboda. Njia ya Australia nayo naipenda kwenye karatasi, ila wewe na mimi tunajua jinsi antibiotiki zinavyonunuliwa hapa bila cheti.

Ukinibana, basi, ningeanza na vile ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvikagua kwa macho. Vepu ya kutupa yenye fleva ya embe ipo kwenye kabati la kioo la duka la vifaa vya simu, au haipo. Mtendaji wa kata ataiona bila maabara. Duka karibu na lango la shule linaziuza au haliziuzi. Muuzaji ana kibali au hana. Kiwango cha nikotini kinahitaji maabara, hivyo hicho ni kazi ya TMDA kwenye uingizaji mizigo, si kazi yenu. Fleva tamu na vifaa vya kutupa viondoke kabisa, asiuziwe yeyote chini ya miaka 18, matangazo yakome hadi mitandaoni, na zisivutwe mahali ambapo sigara imekatazwa. Mvuta sigara mzima aachiwe mlango mwembamba. Wenzangu wengine katika taaluma watakuambia hata huo mlango ufungwe, na si wajinga.

Jambo dogo la maneno ambalo kamati isilipite haraka: pendekezo lenu liseme "bidhaa yoyote yenye nikotini", lisiseme "bidhaa ya tumbaku". Marekani watengenezaji walianza kutumia nikotini iliyotengenezwa maabara bila kugusa jani, wakadai sheria ya tumbaku haiwahusu, ikabidi bunge lao lirekebishe sheria mwaka 2022.

Rudi kwa wananchi wako na vikaratasi, si mikono. Gawa maswali: mtoto auziwe? Fleva za matunda na pipi ziwepo dukani? Mtu mzima anayetaka kuacha sigara apewe nafasi, na akaipate wapi? Nani akague, na atakayekamatwa afanywe nini, hasa akiwa mwanafunzi? Kabla ya kugawa, waeleze kwa dakika chache nilichokueleza juu ya mvuke na juu ya kuungua kwa jani, pande zote mbili, bila kuwaambia wewe umesimama wapi. Bora zaidi kikao hicho akiendeshe mtu mwingine, labda mhudumu wa afya ya jamii. Vijana wakae peke yao na akina mama peke yao kama wanapenda. Kwenye muhtasari andika waliohudhuria wangapi na kila jibu limepata kura ngapi, la wachache nalo liwemo. Nadhani utakuta suala la watoto halina mabishano kabisa. Mvutano utabaki kwa mdogo wako na watu wa aina yake. Nakala moja ipeleke ofisi ya TMDA Kanda ya Magharibi, iko hapahapa Tabora.

Wakulima wenzako waambie kwamba tumbaku ya Tanzania kwa sehemu kubwa inauzwa nje, na bei mnayoipata kwenye chama cha msingi haiamuliwi na vepu zinazouzwa stendi. Lakini waambie pia upande wa pili: makampuni makubwa ya sigara duniani yamo humo. British American Tobacco inauza vepu za Vuse, na Altria ilitoa dola bilioni 12.8 mwaka 2018 kununua asilimia 35 ya Juul. Ukisikia hoja imekuja imepangwa vizuri mno, uliza imetoka kwa nani. Mkataba wa dunia una kifungu, cha 5.3, kinachotaka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Na kwa kuwa wewe mwenyewe unalima, liandike hilo kwenye muhtasari. Kulima tumbaku si kosa, ila kamati ijue.

Nimalizie na kijana wako, ambaye nahisi ndiye aliyekufanya uandike. Fimbo haitoi nikotini mwilini. Kaa naye, umuulize alianza lini, anaipata wapi, na akiamka asubuhi hukaa muda gani kabla ya kuitafuta. Kama ni ndani ya nusu saa, ameshafungwa, na anahitaji msaada zaidi ya onyo. Akiacha, siku tatu za kwanza ndizo ngumu: atakuwa na hasira, usingizi utapungua, hatatulia darasani. Hali hiyo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Mwalimu wa nidhamu alijue hilo asije akamwadhibu kwa dalili. Kama wiki zinapita na hawezi, au amezama kwenye huzuni, mlete Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete tuzungumze naye ana kwa ana, au mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Mdogo wako naye, akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, apime kifua kikuu. Kipimo ni bure, na asijidanganye kwamba ni kikohozi cha kuacha sigara.

Usisubiri miadi kijana akipumua kwa shida, akiumwa kifua, au akiwa na kikohozi chenye homa na kutapika: mfikishe hospitali siku hiyohiyo, na umwambie mganga waziwazi kwamba amekuwa akivuta vepu, kwa kuwa kijana mwenyewe hatalisema. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo aliyenyonya au kumwagikiwa na kile kimiminika, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, usimtapishe, kimbia naye hospitali ukiwa na chupa au kifaa chenyewe mkononi ili waone kilichoandikwa.